Kitufe Kwangu, Ufunguo kwa Mahmud

Jericho, Nairobi
8 Septemba 1985

Mpendwa ndugu yangu Dedan,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na Nerima. Natumaini hamjambo, na kwamba baridi ya Kitale haijakurudishia kile kifua chako cha utotoni. Mahindi yanaendeleaje? Huku kwetu tu wazima. Mama anakula vizuri, anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na bado anagombana na yule mwuza makaa wake wa Bahati kila wiki. Mimi nami nafundisha, nanenepa, na vijana wa mtaa wamenipa jina jipya ambalo nitakueleza baadaye kidogo.

Najua ukiuona mwandiko wangu utataka kuitupa bahasha juu ya kabati pamoja na nyingine. Tafadhali, hii isome. Tangu ile Jumapili ulipomleta Nerima nyumbani Bahati umwonyeshe kwa mama, hujakanyaga tena mlangoni petu. Sijasahau hata kidogo. Nerima alisalimu, mama akanyamaza. Ukanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kando yao, ukaniuliza kama sikumsikia akisalimu, nami nikakujibu kwamba sikusikia kitu. Ukasema mama amemkataa msichana kwa kuwa si wa kabila letu, na kwamba mimi ni wakili wake. Mkatoka hata chai haijamiminwa. Mkafunga ndoa hukohuko Kitale bila sisi, na kila nikikuandikia unanijibu kwa mistari miwili, kwamba utarudi siku mama atakapoitikia salamu ya mke wako. Barua hii ni ya jambo hilo. Lakini Dedan, siwezi kulifikia bila kupitia kwenye roketi, kwa hiyo nivumilie.

Usicheke. Nimesema roketi. Yule mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha nasi sayansi, alipomaliza muda wake na kurudi kwao, aliniachia sanduku zima la roketi za kuchezea. Mwili wa kila moja ni bomba la karatasi ngumu, mapezi yake ni ya ubao mwembamba, na ndani yake unatia injini ndogo yenye baruti iliyoshindiliwa kiwandani. Inapanda mpaka shingo ikuume, halafu inafungua mwavuli wa nailoni na kushuka taratibu. Mara ya kwanza kuiona nilipiga vigelegele peke yangu uwanjani, mtu mzima mimi na heshima zangu. Basi nikaanzisha chama. Tunakutana Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, na ndiyo maana vijana wa Jericho sasa wananiita Madam Roketi.

Nikutajie wenzangu, ili usipotee njiani. Yuko Mahmud wa Majengo, fundi wa redio, mtu mpole mwenye ubishi wa kimyakimya ambao unakera kuliko kelele. Yuko dada yake Kadija, muuguzi. Halafu yuko Mzee Irungu, mwenye bucha pale Soko la Burma, mzee wa kanisa, ambaye aliona roketi moja tu ikipanda akasema amekosa mengi maishani. Yeye ndiye mwenye pikapu. Kasoro yake ni moja, anapenda kusalimu. Ukitembea naye kutoka Burma kuja huku utafika jua limezama, maana hampiti mtu bila kumuuliza habari za nyumbani, na yule mtu asipoitika vizuri mzee atamzungumzia juma zima.

Roketi hizi haziwashwi kwa kiberiti, na atakayekwambia hivyo mkimbie. Zinawashwa kwa umeme, mwashaji akiwa mbali. Kuna kiwaya chembamba kinachochomekwa kwenye injini, unakibana kwa vibanio viwili, unapitisha umeme wa betri, kinashika moto. Chombo chetu cha kwanza cha kurushia nilikiunda mimi, nikajisifu sana. Kilikuwa ubao, betri ya gari, waya, na swichi ya taa ya ukutani niliyoing'oa jikoni kwangu. Mahmud alikitazama akasema kwamba swichi ile ni ya kuangazia watu wakila, si ya kurushia kitu. Nikamwambia umeme ni umeme.

Umeme ni umeme kweli, lakini swichi ya ukutani hukaa pale ulipoiacha. Tuliporusha roketi ya kwanza nyuma ya ukumbi tulifurahi mno, tukakumbatiana, na hakuna aliyekumbuka kuizima swichi. Mahmud akaenda kuifunga ya pili. Kibanio cha kwanza akakiweka salama. Cha pili kilipogusa tu, roketi ikaondoka ikipita karibu na uso wake, ikamchoma ukingo wa kanzu na kutua juu ya paa la choo cha wanaume, ambamo mlikuwa na mtu. Mahmud akaikung'uta kanzu. Alinitazama tu. Kesho yake chifu akatuita. Hakutufokea, ila alisema kwamba hatutarusha tena katikati ya watu, twende kule Njiru kwenye nyasi tupu, na kabla ya kwenda tumwonyeshe chombo ambacho hata mjinga akikishika hakiwezi kumdhuru mtu. Aliposema mjinga aliniangalia mimi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na nakwambia tulibishana kama wabunge. Mahmud alileta sanduku dogo la mbao alilolitengeneza mwenyewe. Badala ya swichi yangu alikuwa ametia kitufe cha kengele ya mlango, kile ambacho ukiondoa kidole kinajirudisha chenyewe, umeme ukakatika. Hilo nililikubali, ingawa kwa shingo upande. Waya alitaka ziwe ndefu mpaka mrushaji aone roketi kama kijiti. Hilo pia nilikubali. Akaweka na balbu ndogo ya tochi, inayopitisha umeme kidogo tu, wa kukuonyesha kwamba njia nzima imeungana lakini usiotosha kuwasha injini. Hiyo niliipenda sana.

Lakini Mahmud hakuridhika na balbu. Alisema jua la Njiru litaimeza, na kwamba walio mbali wanahitaji kujua chombo kikiwa hai, kwa hiyo tutie na king'ora kidogo cha umeme. Alikileta ukumbini, akakiunga na betri juu ya meza, akaniangalia. Nikangoja. Nikamwambia kimekufa, arudi nacho Majengo. Kadija akasema kinalia mpaka meno yanamuuma. Nikadhani ndugu hawa wawili wananifanyia mzaha, nikawaambia waache utoto, sisi hatuuzi barafu kwa baiskeli hata tuite watoto kwa king'ora. Kwa vile nina sauti ya darasani, nikawashinda. King'ora kikaondolewa, balbu ikabaki, na juu yake tukaweka mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia kuikinga jua.

Ubishi wa mwisho ulikuwa wa ufunguo. Mahmud alikuwa ametoa swichi ya kuwashia gari katika gari bovu fulani, na kuiweka sandukuni. Bila ufunguo, kitufe hata ukikikalia hakifanyi kitu. Nikasema sawa, ufunguo nitauvaa shingoni, mimi ndiye mkuu. Akasema hapana. Anayekwenda kufunga vibanio ndiye anayetembea na ufunguo mfukoni, ili asiwepo mtu nyuma yake wa kumwashia moto. Akisharudi auchomeke, auzungushe, na abaki ameushika mpaka roketi iondoke, na akiona kitu asichokipenda auchomoe bila kuomba ruhusa. Yaani mimi na kitufe changu, na yeye juu yangu. Nilikasirika, Dedan. Nilimuuliza kama ananiona siwezi kuaminiwa. Akajibu kwa upole wake kwamba mtu anayebonyeza hutazama kitufe, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutazama dunia. Wakapiga kura, nikashindwa, nikawanunia mpaka Alhamisi. Chifu alilitazama sanduku, akaomba ufunguo, akautia mfukoni mwake, akabonyeza kitufe mara nyingi bila kitu kutokea, akacheka, akatupa ruhusa.

Basi Jumamosi iliyofuata Mzee Irungu akatubeba kwenye pikapu yake, tukapita Kangundo Road mpaka Njiru. Nyasi, miba michache, ng'ombe kwa mbali, mbingu imekaa wazi. Vijana wengi wa Jericho walikuja na baiskeli. Mzee alitushusha akasema haiwezekani kuingia mahali pa watu bila kuwajulia hali, akaondoka kwenda kuwasalimu wenye wale ng'ombe. Hatukumngoja. Mahmud alifunga vibanio, akarudi, akachomeka ufunguo. Nikachungulia ndani ya mkebe, nikaiona balbu imewaka kama jicho la paka. Tukaanza kuhesabu kwa pamoja tukirudi nyuma, mimi nikipaza sauti kuliko wote, macho yangu kwenye balbu.

Nikafika sifuri, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Balbu imezimika. Nikageuka nimpe Mahmud maneno yake, nikamwona amesimama na ufunguo mkononi, uso umempauka. Nyuma yake watu wote wamefumbua vinywa, Kadija ameshika kichwa. Nikatazama wanakotazama. Mzee Irungu alikuwa amesimama kando ya roketi, ametoka kwa wenye ng'ombe kwa njia ya mkato, amevua kofia na kuiinua juu, ananisalimu mimi.

Walikuwa wamepiga kelele, Dedan. Umati wote, pamoja na vijana ambao sauti zao zinafika Makadara, walikuwa wamepiga kelele za simama tangu mzee alipotokea, na mimi sikusikia hata moja. Nilikuwa nasikia hesabu yangu mwenyewe tu. Isingekuwa ule ufunguo nilioununia, ningemrushia mzee wa watu moto usoni, na leo ningekuandikia kutoka mahali pengine.

Lakini ngoja nikwambie kilichonivunja moyo. Mzee alipotufikia hakuwa na habari ya hatari, zile kelele alidhani ni za kuishangilia roketi. Alikuwa ameumia kwa jambo lingine kabisa. Alisema mbele ya watu wote kwamba amenisalimu tangu kule, akanisalimu tena alipokaribia, na mara ya tatu akavua kofia, na mimi nimemwangalia kama jiwe. Akasema hakujua kwamba ukuu wa roketi unaweza kumtia mwanamke mwenye adabu kiburi cha namna hiyo. Nikaapa kwamba sikumsikia. Hakuniamini. Sauti yake inajaza soko zima la Burma, alisema, nani asiyeisikia?

Kadija alikuwa akinitazama muda wote huo. Jumatatu alikuja kwangu, akaniambia nigeukie ukuta. Nikakaa nikingoja aanze, mpaka akanigusa bega, akaniambia ameshaniita mara nyingi. Akanipeleka hospitalini anakofanya kazi. Daktari alinivalisha vitu masikioni, akanipigia milio, akachora mistari kwenye karatasi. Akanieleza kwamba mishipa ya masikio inachoka, kwamba imeanza zamani, kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na kwamba kwa kuwa huja polepole mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Nikakumbuka king'ora juu ya meza. Akasema aina hii mara nyingi hutembea katika familia, akauliza kama wazazi wangu wana shida ya masikio. Nikacheka. Nikamwambia baba alifariki akisikia panya wakitembea darini, na mama hana shida ya masikio, shida yake ni kiburi, hata ukimsalimu anaweza asikuitikie.

Nilisema hivyo, ndugu yangu, kwa kinywa changu, nikicheka. Halafu nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nilikwenda Bahati moja kwa moja kutoka hospitalini. Mama alikuwa ameketi uani akiambua njegere, amenipa mgongo. Nikasimama nyuma yake nikamwita kwa lugha yetu, Maitu. Akaendelea na njegere. Nikaita tena kwa sauti ya darasani, hata jirani akachungulia dirishani. Njegere zikaendelea kuanguka kwenye sufuria. Nilipozunguka mbele aliniona akafurahi, akaniuliza mbona siku hizi naingia nyumba za watu kama mwizi. Nikakaa chini palepale nikalia kama mtoto, na yeye akadhani nimefukuzwa kazi.

Nilimwambia habari yangu kwanza, nikimtazama usoni, maana nilijua ya kwake hataitoa bure. Alinishika mashavu kwa mikono yake miwili. Halafu akaniambia kwamba yeye anajua ya kwake tangu siku nyingi. Anasoma midomo. Ndiyo maana anapenda kukaa akiangalia mlango, ndiyo maana hapendi kuzungumza na mtu gizani, na ndiyo maana wengi humwona mkali. Hakutaka kumwambia mtu kwa kuogopa kwamba tutasema amezeeka, tumwondoe Bahati kwa rafiki zake tukamtupe kijijini, na kwamba akina mama wa kanisa watamwondoa kwenye kwaya. Nilimuuliza kwaya anaimbaje. Akasema anaangalia mdomo wa Wangeci anayeongoza, na Wangeci akikohoa naye anakohoa. Tulicheka, Dedan, tulicheka mpaka njegere zikamwagika.

Ndipo nikamuuliza juu ya Nerima. Uso wake ukabadilika. Akasema anashangaa nimemtaja, kwa sababu tangu siku ile anangojea mmoja wetu aeleze ni kwa nini msichana yule aliingia nyumbani kwake akasimama mbele yake, akainamisha kichwa, na kukataa kumsalimu.

Soma tena hapo, tafadhali. Mama anaamini hakusalimiwa. Nerima alifanya kama alivyofunzwa kwao, mbele ya mama mkwe unainamisha uso na kusema kwa sauti ya chini. Heshima yenyewe ndiyo iliyoficha mdomo wake. Angekuwa mtovu wa adabu, akaingia kichwa juu akibwata, mama angemwona akisalimu na angemwitikia. Wawili hawa wamekasirikiana kwa kosa moja lilelile, kila mmoja akidhani ni la mwenzake. Sitakuficha, baada ya siku ile mama alisema maneno mabaya juu ya watu wa Nerima, nami nikanyamaza. Nilipomweleza aliyarudisha moja moja kwa aibu, na aliyarudisha mbele yangu ili nikuandikie kwamba ameyarudisha.

Nami ulinishtaki uwakili, kwa kuwa nilisema sikumsikia. Dedan, nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa gauni. Nilikwambia kweli. Sikumsikia.

Kwa hiyo dada yako ni kiziwi nusu, na usinionee huruma, maana nina raha kuliko nilivyokuwa mwaka jana. Wanafunzi wangu nimewaagiza wainue uso wanapojibu, na wamegundua kwamba sasa siwezi tena kusikia wanaponong'ona, wanafurahi mno. Daktari ameniahidi kifaa cha sikio, na mama naye ameandikiwa chake, ingawa anasema atakivaa siku ya kwaya tu. Kwa Mzee Irungu nilikwenda mwenyewe pale Burma, nikamweleza mbele ya wateja wake. Alilia, akanikatia mbavu, na sasa anaponisalimu husimama mbele yangu na kufumbua kinywa kama daktari wa meno anamngoja. King'ora cha Mahmud kimerudishwa sandukuni kwa ajili ya wengine. Kwa ajili yangu Kadija anasimama upande wa pili na kitambaa chekundu, na kidole changu hakigusi kitufe kabla sijamtazama yeye, halafu mkono wa Mahmud, halafu nyasi zote mpaka mwisho. Jana tulirusha tena Njiru. Ilipanda vizuri sana, na mwavuli ukafunguka.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie majirani zenu, na umwambie Nerima naomba anisamehe kwa kukaa karibu naye hivyo na kumwacha peke yake. Mama anauliza alisema maneno gani siku ile. Nilitaka kumwambia nikashindwa, maana katika nyumba nzima aliyeyasikia ni wewe tu. Mwombe ayaandike kama alivyoyasema, kwa mkono wake. Nitampelekea mama nimsomee akinitazama mdomo, na mama atamwitikia.

Nilipokuwa nikiondoka kwa mama aliniita nirudi. Unajua alivyotulea, mdogo ndiye huanza kusalimu, na mkubwa hungoja. Alinishika mkono akaniambia nikuandikie kwamba safari hii ameanza yeye. Amesema hivi: Nerima, hujambo, mwanangu? Sasa amekaa uani anaangalia mlango.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Lydiah